Majani ya Mwenyekiti

Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani
Alasiri

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Naitikia kabla hujanisalimu, maana najua ungeanza na shikamoo hata ukiwa umenuna, na ukifika mwisho wa barua hii huenda usitake kuniamkia tena. Basi hii moja nimeichukua mapema. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Wifi bado anakukurupusha asubuhi ukatembee? Mwambie asikuonee huruma. Mwambie pia kwamba shuka alizoniletea ndizo ninazolalia, kwa sababu hizi za hospitali zinakwaruza kama msasa.

Mimi nipo. Daktari wa wodi anajua kwamba nimefanya kazi chumba cha upasuaji miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo hanizungushi. Juzi alivuta kiti, akaniambia kuna mahali tumboni panapovuja damu, na hata wakipaona hawatanipasua, kwa kuwa moyo wangu hautastahimili dawa ya usingizi. Nikamuuliza kama ni miezi au ni wiki. Akatazama viatu vyake. Nikamwambia asihangaike, hata mimi nilikuwa natazama viatu nilipoulizwa hivyo.

Si hilo linalonikosesha utulivu. Tangu saa nane nimekaa, nimelala, nimesimama dirishani, nimerudi, nimegeuza mto mara sita. Mama wa kitanda cha pili ameniuliza kama nina siafu kwenye godoro. Nimemwambia nina barua. Akasema basi niiandike, nimpe na yeye nafasi ya kuugua.

Nakuandikia kwa ajili ya Katibu. Mjukuu wetu alikupigia simu wiki iliyopita, na alinieleza neno kwa neno mlivyozungumza. Alikwambia Katibu, yule simbilisi wake mnene kama panya asiye na mkia, ananyonyoka manyoya ubavu huu na ubavu huu, sawasawa, kana kwamba kinyozi amempima kwa rula. Tumbo limetanuka, na yeye aliyekuwa mpole sasa anang'ata akiguswa. Anasema uliuliza maswali mawili tu, umri na kama ni jike. Ukamwambia ni uvimbe wa maji kwenye ovari, ukamwambia atafute daktari mwingine kwa sababu mkono wako umekuwa mzito, na kazi yako siku hizi ni kugonga muhuri kwenye nyama.

Ametafuta. Daktari wa kwanza ni wa ng'ombe. Alimuuliza kama kile alichobeba ni panya au sungura aliyekatwa masikio, akasema hana mkasi mdogo wa kuchezea. Wa pili alikuwa na adabu zaidi, lakini alichompa ni sindano ya kumlaza moja kwa moja. Wa tatu hayupo. Upo wewe, na wewe umekataa, na sababu ya kukataa kwako ninayo mimi. Naomba usiikunje barua hapa. Soma mpaka mwisho.

Unamkumbuka Mwenyekiti. Najua unamkumbuka, lakini niache nisimulie kwa mpangilio, maana kichwa changu leo hakitulii. Miaka kumi na minne iliyopita mjukuu wetu alikuwa na miaka kumi, anaishi kwangu, na simbilisi wake alipewa cheo hicho kwa sababu kila tulipofungua mfuko wa karoti alipiga kelele kama anayefungua kikao, na hakunyamaza mpaka ajenda ifikishwe mdomoni. Marehemu baba alikuwa hai bado. Alikuwa akikutania mbele ya wageni kwamba alikusomesha miaka yote ile ili uje kumpima paka homa. Ulicheka naye. Ulikuwa umekodi kile chumba kati ya fundi cherehani na fundi viatu, umepaka kuta rangi nyeupe kwa mkono wako, na watu walikuwa wameanza kukuletea wanyama ambao wengine waliwacheka.

Mwenyekiti alipoanza kunyonyoka ubavuni, wewe ndiye uliyempapasa tumbo ukakuta vitu viwili vya mviringo, kimoja kila upande. Ulitueleza mimi na mtoto polepole, kama watu wazima wawili. Ulisema majike wengi wa simbilisi hupata hayo wakikua. Ulisema waweza kunyonya yale maji kwa sindano, lakini yatajaa tena. Dawa ya kudumu ni kuutoa mfuko wa uzazi na ovari zake. Kisha ukataja hatari bila kuficha. Mwili mdogo hupoa upesi. Dawa ya usingizi kidogo tu ikizidi, haamki. Na la tatu, ambalo ulilirudia, ni kwamba utumbo wa simbilisi ni kinu kisichotakiwa kusimama hata kidogo. Ukikaa mtupu husimama, na ukisimama kuuwasha tena ni kazi. Ukasema mbwa hufungishwa chakula kabla ya kisu, mtu hufungishwa, simbilisi hafungishwi, kwa sababu hawezi kutapika hata akitaka.

Ukaandika kwenye karatasi: asinyimwe chakula, majani makavu yawepo mbele yake mpaka anapoingia mlangoni kwangu. Ukapiga mstari chini yake mara mbili. Ukamwahidi mtoto kwamba utamrudishia Mwenyekiti wake.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nilikuwepo, nilikusaidia. Nilishika chupa za maji ya moto nilizozifunga taulo ili asipoe, nikahesabu pumzi zake, na nilikutazama vidole. Sikupata kukwambia. Nimesimama na madaktari bingwa waliokuwa wakinitupia vifaa na kunitukana mama, lakini sijaona mkono mtulivu kama wako siku ile. Vile vifuko vilitoka vizima, kila kimoja kama yai la njiwa, maji yanaonekana ndani. Alizinduka. Mtoto alicheka akalia kwa wakati mmoja, na fundi viatu akaingia kuuliza nani amejifungua.

Lakini hakula. Jioni ile hakula, na kesho yake alikaa kwenye kona amejikunyata akisaga meno. Ulikuja mara tatu kwa siku na sindano isiyo na ncha, ukimtilia mdomoni majani uliyoyasaga kama uji. Ulimsugua tumbo. Ulihesabu kinyesi chake: punje tatu, kisha moja, kisha hakuna. Siku ya tatu mchana alikufa kwenye mapaja ya mtoto, na mtoto akakutazama akakwambia, Babu, uliniahidi. Mwaka mzima ukija alikuwa anaingia chumbani.

Siku tulipomzika nyuma ya jiko, ulibaki umesimama na jembe mkononi. Ukaniuliza, dada, wewe umeona pasuapasua nyingi kuliko mimi, nilikosea wapi? Nami nikakujibu kwamba labda dawa ya usingizi ilizidi.

Ngoja. Muuguzi wa zamu amepita. Nikwambie na hili la muuguzi, maana ndiye aliyenitia kalamu mkononi.

Kesho asubuhi watanipitisha mpira wenye taa kutazama tumbo. Kwa hiyo mchana huu, nikiwa nimekula vijiko viwili tu, alikuja akachukua sahani, akachukua na ndizi niliyoificha chini ya mto. Akacheka, akasema, Bibi, hizi mbinu ulitufundisha wewe mwenyewe, kuanzia sasa ni maji tu. Akaweka sahani kwenye toroli, akaenda. Nikasikia magurudumu ya lile toroli mpaka mwisho wa korido. Niliona mikono yangu mwenyewe, mdogo wangu, ikibeba sahani nyingine.

Mimi ndiye niliyemfungisha Mwenyekiti.

Nilisoma karatasi yako. Niliisoma nikatabasamu, kwa sababu nilikuogesha ukiwa mtoto, na sikuweza kuamini kwamba kuna jambo la upasuaji unalolijua nisilolijua. Tena nilikuwa na hofu yangu. Unakumbuka niliwahi kukusimulia yule baba aliyeona tunamtesa kwa njaa, akanywa uji kwa siri, akatapika akiwa usingizini, akatufia kabla kisu hakijamgusa. Tangu siku ile nilikuwa napekua makabati ya wagonjwa. Ilikuwa kama kunawa mikono, sikufikiri. Jioni ile mtoto alipokwenda kuoga, nilifungua banda la Mwenyekiti nikaondoa majani yote, hata yale aliyoyalalia, nikaondoa na vipande vya karoti. Alinifuata mpaka ukingoni akipiga kelele zake za kikao. Nilimwambia atanishukuru kesho.

Kama ningeishia hapo ungekuwa ujinga, na ujinga ningeweza kuusema. Lakini asubuhi, kabla mtoto hajaamka, nilirudisha majani kidogo, nikayavunjavunja, nikayatawanya yaonekane yametafunwa. Mtu asiyejua kwamba amekosea hafanyi hivyo. Na saa tatu, mlangoni kwako, ulimpokea kwa mikono miwili ukaniuliza, amekula? Nikasema amekula kama kawaida.

Sina njia ya kuapa kwamba hicho ndicho kilichomuua. Ulisema mwenyewe kwamba hata wanaoshughulikiwa vizuri hufa. Kwa miaka kumi na minne nimekaa ndani ya hiyo labda kama mtu aliyejifunika blanketi la mwenzake. Lakini ulikuwa na haki ya kujua kwamba ulimpasua mnyama aliyelala na njaa. Ungejua, ungemlisha mapema, ungeahirisha, ungefanya jambo. Na uliponiuliza na jembe mkononi, ningeweza kukujibu kwa neno moja la kweli. Nikakupa lile jingine, nikalipitisha kwenye mdomo wa miaka thelathini na mmoja, na wewe ukaliamini.

Nilikuona ukifunga kile chumba. Nilikuona ukiomba kazi ya kukagua nyama machinjioni, ukinitania kwamba wagonjwa wako wa siku hizi hawalalamiki. Nilicheka. Ulinipa vifaa vyako ndani ya bati la biskuti, ukasema nivitupe au niwape wanaosoma. Sikuvitupa wala sikumpa mtu. Viko kwenye droo ya cherehani yangu, na kila mwaka navitoa navifuta na kuvipaka mafuta. Chini ya mkasi mdogo utakuta ile karatasi yako, na mistari yake miwili.

Asubuhi alikuja mjukuu wetu. Nilimwambia yeye kwanza, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa wake, na kwa sababu kwako niliogopa zaidi. Alisikiliza amesimama. Ana miaka ishirini na minne sasa, lakini uso uliokuwa mbele yangu ulikuwa wa mtoto wa miaka kumi. Aliniuliza kama nilimsikia akilia usiku siku zile. Nikasema nilimsikia. Alichukua mkoba wake akaondoka bila kwaheri. Nikajua nimempoteza, nikaanza kupanga nitakavyokufa bila kumwona. Baada ya muda, sijui mrefu kiasi gani, mlango ukafunguka. Hakuketi. Alisema bado hajui kama atanisamehe, nisimharakishe. Kisha akauliza, lile bati liko droo ya kulia au ya kushoto?

Jioni atapita kuichukua barua hii, kwa hiyo utakaposoma haya atakuwa amesimama mbele yako. Nimemwagiza asiseme neno mpaka umalize. Bati analo kwapani. Kwenye kikapu yumo Katibu, na kikapu kimejaa majani mpaka juu. Usiniulize mimi kama amekula, wala usimuulize yeye. Fungua kifuniko utazame mwenyewe.

Ukimkataa kwa sababu umri umekwenda, au macho, sitakuwa na la kusema. Usimkatae tu kwa sababu ya Mwenyekiti. Mkono wako haukuwa mzito. Nilikuwa nimesimama karibu nao, niliuona.

Nisalimie wifi, nisalimie na wanao, na fundi viatu kama bado yupo. Kama hutaki kuja kuniona, nitaelewa, ila nitumie habari kwa mjukuu: aniambie tu kama Katibu ameanza kula. Nitakuwa macho, nasikiliza huo mlango.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni na kisha nikakubebesha,

Dada Mkubwa