Ufunguo wa Stoo

Zakia, usipige, siwezi kuongea. Soma tu.

Nkwabi kafa leo saiti. Yule fundi wa Kishapu aliyetujengea choo nyumbani. Mti wa jukwaa ulivunjika, akaja chini kutoka ghorofa ya pili, kichwani hana kitu.

Na helmeti zipo! Zimejaa stoo, ufunguo ninao mimi. Bosi alisema nizitoe siku ya wakaguzi tu, zisichakae. Zisichakae, Zakia!

Sasa sikia. Polisi hawajafika, bosi akaninong'oneza, "Lete moja uiweke pembeni yake. Wakijua hatukumpa, kesi ni yetu." Nikaleta. Nikaiweka. Kwa mikono yangu hii.

Mkaguzi akaja na polisi, akauliza, "Alikuwa ameivaa?" Bosi akanikazia macho.

Nikasema ndiyo. Mimi huyu nilisema ndiyo.

Halafu mke wa Nkwabi akafika, mbio, kanga moja. Wakati huo maiti imeshapelekwa hospitali. Akaiokota ile helmeti, akaikumbatia, akaingiza uso ndani kama anamtafuta mumewe humo. Kisha akaniuliza mimi, wala si bosi:

"Dada, mbona haina jasho lake?"