Baba, Sikuinua Vyuma Ili Niwe Mwanaume

Baba yangu mpendwa,

Tangu tukuzike Kisaju, kila anayekuja kutupa pole anasimulia ulivyokuwa ukisimama kwenye mnada wa mifugo wa Kajiado, mrefu kuliko wote, ukikataa bei kwa kutikisa kichwa tu. Nawasikiliza. Lakini mimi ninayemkumbuka zaidi ni wewe wa miaka ya mwisho, hapa nyumbani Kitengela, baada ya ugonjwa kukupooza upande wa kulia.

Unakumbuka asubuhi zile? Mimi na mama, Yeyo wetu, tulikuwa tukijaribu kukutoa kitandani tukuweke kwenye kiti. Yeyo unamjua alivyo mdogo wa mwili, nami ndio kwanza nimemaliza kidato cha nne, mwembamba, sijui hata pa kukushika. Siku moja kiuno kilinikata ghafla nikaanguka kwa magoti, nawe ukarudi kitandani kwa kishindo. Hukunilaumu. Ulitazama ukuta, ukasema, "Mwite jirani."

Kuanzia hapo tukawa tunangoja wanaume wa jirani waje kukuinua kabla ya kwenda kazini. Wakichelewa, ulilala hapo ukisaga meno, na Yeyo hakuthubutu hata kukusemesha. Wakija, ulifumba macho mpaka wamalize.

Ndipo nikaenda kwa Abdi, mtoto wa Mzee Hassan aliyekuwa akinunua mbuzi wako. Nyuma ya duka lao la vipuri vya magari, vijana walikuwa wakiinua vyuma: bomba zito, na kila upande saruji iliyogandishwa ndani ya mkebe wa rangi. Nilimwambia nataka kuweza kumwinua baba yangu. Hakucheka. Alisema tu nije mchana, mama yake akiwa ameketi pale uani, watu wasipate la kusema kuhusu msichana kati ya wavulana.

Siku ya kwanza alinipa mpini wa ufagio. Nikaona ananidharau.

"Ukikosea na huu, utajiumiza na chuma," alisema. "Chuchumaa. Kifua juu. Mgongo usipinde."

Wiki zilizofuata akanipa bomba tupu, kisha lenye mikebe midogo. Nililiweka mabegani nikachuchumaa na kusimama, nililisukuma juu ya kichwa, nililinyanyua kutoka chini. Siku moja kazi, siku ya pili kupumzika, na kila niliporudi aliongeza uzito kidogo sana. Kuchuchumaa sikukuogopa. Nilichoogopa ni kunyanyua chuma kutoka chini. Kila nilipoinama, nilingoja yale maumivu ya kiuno yarudi, na mikono ikatoa jasho hata kabla sijagusa bomba.

"Lisogeze karibu na miguu," Abdi alisema. "Vuta pumzi, ikaze tumboni. Halafu sukuma ardhi."

Habari zikakufikia, kama ilivyo Kitengela. Nilikukuta umeketi mlangoni, fimbo mkononi.

"Nasikia unainua vyuma na wanaume."

"Ndiyo, Baba."

"Unataka kuwa mwanaume?"

"Nataka kukuinua wewe."

Ulipiga fimbo chini, nikaruka. "Msichana wangu hatanibeba! Nikianguka, niache hapo hapo mpaka wanaume waje. Umesikia?"

Nilisikia, Baba. Na sikuacha. Ulikataa chai kutoka mkononi mwangu, siku baada ya siku. Yeyo alitangatanga katikati yetu, na saa yangu ya kwenda ikifika aliniambia kwa sauti ya chini, "Nenda. Nitakaa naye."

Halafu ikaja siku ile. Yeyo alikuwa amekwenda Kisaju kumwona dada yake mgonjwa, na majirani wote walikuwa kazini. Ulijikokota na fimbo yako mpaka bafuni huko nje bila kuniita. Nilisikia kishindo, kisha kimya.

Nilikukuta umekwama kati ya ukuta na pipa la maji, shingo imepinda, uso umeanza kubadilika rangi. Pumzi ilitoka kwa kukoroma. Nilianua leso ya Yeyo kwenye kamba nikakufunika.

"Ita wanaume," ulisema.

"Hawapo, Baba."

"Ngoja… waje."

Nilisukuma pipa likaanguka, maji yakatulowesha miguu. Sakafu ikawa utelezi, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilichuchumaa nyuma yako, nikapitisha mikono chini ya makwapa, nikaifunga kifuani mwako. Moyo wako ulikuwa ukipiga mbio kwenye vidole vyangu. Nilikuvuta mpaka mgongo wako ukagusa kifua changu.

"Acha," ulinong'ona.

"Sikuachi. Weka mguu wa kushoto chini, unisaidie."

Kwa kitambo ulikaa bila kusogea, na nilidhani utakataa hata kama ni kufa. Kisha nikauona mguu ukivutwa taratibu, ukakanyaga. Nikakaza tumbo, nikasukuma. Mwanzo hukuinuka hata kidogo. Nikasukuma tena, na safari hii ukaja, Baba, mzima mzima, mpaka nikakukalisha kwenye kiti chako cha kuogea pale kando.

Ulikaa ukihema. Mimi niliketi kwenye maji, nikingoja unikemee.

"Kiuno chako?" uliuliza.

"Hakijauma."

Uliinamisha kichwa. Kisha ukanyoosha mkono wa kushoto, ukaniwekea utosini, kama ulivyokuwa ukiwasalimia watoto. "Enkerai ai," ulisema. Mtoto wangu. Basi.

Asubuhi yake majirani walipobisha hodi, uliwajibu ukiwa kitandani: "Karibuni chai. Huku kazi iko na mwenyewe." Yeyo aligeukia jikoni ili usimwone akilia.

Tangu hapo nilikuinua kila asubuhi mpaka ile ya mwisho. Siku ya mazishi, wanaume walipokubeba, nilisimama na akina mama, nikawatazama wanavyoshika, na mikono yangu haikujua pa kukaa. Bado haijajua. Naamka mapema, naelekea chumbani kwako, nafika mlangoni ndipo nakumbuka.

Pumzika, Baba. Ulikuwa mzito, na sikuchoka.

Ni mimi,
msichana wako