Blanketi la Sinema

Kemunto mjukuu wangu,

Huku Nyamira hatujambo. Ndizi zimeiva, na babu yako bado anabishana na redio. Binamu yako amenisomea kwenye simu ulivyoandika kuhusu filamu moja ya Krismasi: "Ndefu, haina chumvi, heri ulale." Nilicheka. Sasa unaniuliza kama wewe ni mkali mno.

Nilipokuwa msichana, sinema ililetwa shuleni kwetu mchana mmoja wa Desemba. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya kuazima, na moja lilikuwa la mama yangu. Yeye mwenyewe hakuja; alibaki akichuma majani chai. Niliporudi na blanketi begani, akauliza, "Ilikuwaje?"

"Mbaya," nikasema, nikapita.

Akanifuata mpaka jikoni, kikapu cha majani kikiwa bado mgongoni. "Mbaya vipi? Walivaa nini? Kulikuwa na mtoto?"

Nikaketi, nikamsimulia tangu mwanzo. Mama hakuwahi kuona sinema nyingine maishani mwake, ila hiyo niliyomsimulia.

Kuwa mkali tu, si vibaya. Lakini ile filamu uliyoimaliza kwa maneno matano, mimi sijaiona. Walivaa nini?

Nyanya yako