Waya wa Kuanikia Nguo

Mdogo wangu mpenzi,

Nimefurahi kusikia mguu wako umepona, na kwamba umenipatia chumba karibu nawe. Huku mwenye nyumba bado anakohoa, na mlango wangu umepakwa rangi.

Mnara wa redio ulio nyuma ya nyumba ndio unaokutia hofu. Fundi wa mnara alikuja na kipimo chake, akasema mawimbi yanayofika chumbani ni madogo, hayadhuru mwili. "Ila mzee, usishike waya wa kuanikia nguo. Utakuunguza."

Nilikuwa nimeshaunguzwa. Waya ule hunong'ona matangazo, mara nyingine kwa lugha yetu, nami huushika ili nisikie vizuri.

"Basi una redio ya bure," alicheka.

Jumatatu mnara ulizimwa kabisa, na hadi leo haujawashwa. Fundi aliukamata waya kwa mkono mtupu. "Ona, umekufa."

Jana nikianua shati, waya uliniita kwa jina la utani alilonipa marehemu mama. Niliitika, nikaushika. Niwie radhi kwa mwandiko huu. Kidole kina lengelenge jipya.

Chumba mpe mwingine.

Ni mimi kaka yako, niliye mbali lakini si peke yangu.