Maswali Niliyoyapitisha kwa Nyanya

Alhamisi, Aprili 1974. Mvua tangu saa nane, na baridi ile ya kuingia mifupani.

Leo nimemuuliza Mama jinsi alivyojifungua. Sikumuuliza mimi, lakini nimemuuliza.

Nesi alikuja na mwavuli wake. Ni mtu wa upande wa ziwani, Ekegusii, lugha yetu, hajui hata salamu, na Kiswahili cha Mama ni cha sokoni tu. Nikaitwa nitafsiri. Nesi anazunguka kwenye nyumba zenye watoto kama dada yangu Kerubo, ambaye ana miaka tisa na bado hawezi kufunga kifungo. Daktari wao anataka kujua watoto hawa waliumia wapi, ili wengine wasiumie.

Nilidhani atauliza mambo ya chakula. Akasema, "Muulize mama, uchungu ulichukua muda gani? Mtoto alilia alipotoka?"

Kwetu mvulana hamtajii mama yake mambo hayo. Ni chinsoni, aibu iliyo kama sheria. Nikatazama miguu yangu. Nesi akafikiri sijaelewa Kiswahili, akarudia polepole. Aibu juu ya aibu.

Ila kwa Nyanya hakuna chinsoni. Yeye huniita mume wake mbele za watu. Alikuwa papo hapo jikoni akimenya ndizi, basi nikamgeukia yeye.

"Haya, mume wangu leo amekuwa mkunga!" akacheka. "Na ndevu hana."

Kisha akamuuliza Mama, nami nimesimama hapo hapo kama ukuta.

Mama akamjibu Nyanya. Uchungu ulianza jioni, ukapita usiku, ukapita siku nzima na usiku mwingine. Kerubo alitoka kimya, rangi ya majivu. Kulia, alikawia sana.

Nilitafsiri yote. Sauti yangu ilikuwa kama ya redio, inasoma habari za watu wengine.

Nesi akasema huenda aliumia hapo, kwa kukosa hewa. Safari nyingine Mama asingoje nyumbani. Uchungu ukianza tu, aende hospitali.

Safari nyingine.

Mama ana mimba. Sipaswi kujua, lakini nina macho.

Nikapitisha na hilo. Mama alikuwa anamtazama Kerubo, aliyekuwa mlangoni akikinga mvua kwa kiganja.

Nesi akaenda zake.

Wakati wa kula, Mama akamwambia Nyanya, bila kunitazama: "Muulize huyo mume wako, hospitali wanapokea watu hata siku ya Sabato?"

Sijui. Kesho natembea hadi hospitali ya Ogembo kuuliza, inyeshe isinyeshe.