Ndovu Aliyepotea Katikati ya Hadithi

Jumanne

Na hapa Tetu nzima hakuna wa kunishinda kwa hadithi, hata wasionipenda wanajua. Leo kwenye kituo cha majani chai, tukingoja kupimiwa, nikaanza ile ya ndovu niliyemfukuza na mwavuli. Katikati ikanipotea yote kichwani.

"Mzee, kwani ndovu alikukanyaga kichwa?" jirani yangu Kamau akauliza. Wakacheka. Nikacheka pia.

Jumamosi tunapokea mahari ya mpwa wangu Wambui, na msemaji wa familia ni mimi. Nikinyamaza hivyo mbele ya wakwe...

Siku nyingi sasa silali. Naogopa hiki kichwa.

Nimemwomba mke wangu kesho anipeleke hospitali, mjini Othaya.

"Na watu tuwaambie unaumwa nini?"

"Goti."