Pigo Lile Halikumuua Mama

Kwa Patroba,
Mtaa wa Shieywe,
Kakamega.

28 Desemba 1997

Mpendwa Mama Mdogo Awinja,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa kaka yangu Patroba, ambaye naandikia mezani pake. Je, nyote mko wazima hapo Tabora? Malaria iliyowashika mwezi wa tisa imewaacha? Biashara ya Baba Mdogo Sulemani inaendeleaje? Nawaombea afya kila siku, hata pale ninaponyamaza miezi mingi bila kuandika.

Sisi hatujambo, ila tumelowa. Mvua hii wanayoiita El Nino haikuheshimu Krismasi. Barabara ya Malava imeharibika vibaya, na trekta za miwa zimezama kwenye tope mpaka zimesahauliwa. Kesho ni siku ya kura, kwa hiyo magari ya wagombea yalitupigia kelele hadi jana, na leo ndiyo mara ya kwanza naweza kusikia mawazo yangu mwenyewe. Kukhu, mama yenu, ni mzima. Macho yanamsumbua, lakini mdomo uko vilevile unavyoujua.

Nimekuja likizo kutoka Uingereza, na nitarudi katikati ya Januari. Unanijua, mimi husema mengi moyoni na machache kwa watu. Leo nina habari mbili, zote njema, na ya pili ni yako. Naomba usiruke ile ya kwanza, maana bila hiyo hutaielewa yako.

Uliambiwa kwamba nasomea saratani. Labda hukuambiwa kwamba siku zangu zote napitisha na panya, panya wadogo wanaoenea kiganjani. Ndani ya mwili wa kila kiumbe kuna maagizo anayoyarithi kwa wazazi wake, yanayoitwa jeni. Jeni mojawapo ni kama mlinzi: sehemu ndogo ya mwili ikiharibika, huizuia isiendelee kuzaana ovyo. Panya wetu wametengenezwa kwa makusudi wakiwa na upungufu wa mlinzi huyo, tangu walipokuwa mayai yasiyoonekana kwa macho. Wanazaliwa wazuri, wanakula, wanacheza, kisha wakikomaa wengi huota uvimbe kwenye matiti.

Kwa miaka mitatu nimejaribu kumrudisha mlinzi. Tulichukua virusi vya mafua, tukavinyang'anya uwezo wa kuzaana, tukavibebesha jeni iliyo nzima, tukavidunga ndani ya uvimbe. Mara ya kwanza hakikutokea kitu. Mara ya pili panya waliugua kwa virusi vyenyewe, wakafa, nami nikajifungia chooni nikalia ili wenzangu wasinione. Halafu, mwezi wa kumi mwaka huu, uvimbe ulianza kunywea chini ya vidole vyangu.

Sikuviamini vidole hivyo, maana vilitamani mno. Utaratibu wetu ni kwamba anayepima asijue ni panya gani amepewa jeni na ni yupi amepewa virusi vitupu. Mwenzangu akapima peke yake bila kujua lolote, kisha tukafungua namba mbele ya profesa. Waliopewa virusi vitupu, uvimbe wao ulikuwa umezidi kukua. Waliopewa jeni, ulikuwa umepungua zaidi ya nusu, na kwa wengine hata haukushikika tena! Profesa wetu ni mtu asiyesifu hata chai. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Sellah, hii ni kweli." Mama Mdogo, niliruka kama mtoto. Nilitembea upeponi hadi nyumbani bila kuvaa kofia, na sikusikia baridi.

Bado si dawa ya watu. Njia kutoka kwa panya hadi kwa mtu ni ndefu, na wengine wameanguka humo. Lakini nimeona kwa macho yangu uvimbe ukirudi nyuma, na jambo hilo hakuna atakayeniondolea.

Sasa habari yako.

Tarehe ishirini na sita tulikusanyika Kabras kwa Kukhu. Mjomba Shikanga alikuwepo, amenenepa, na alipomaliza kula akaanza na mimi. "Haya, daktari wa panya! Sisi huku tunawawekea paka, na wewe Malkia anakulipa uwalishe?" Watu wakacheka, nami pia nikacheka, nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe. Nilipofika kwenye matiti, kicheko kikaisha. Kila mtu pale alikuwa anamfikiria Mama.

Mjomba akauliza, "Na hao panya, mnawapiganga?"

"Hatuwapigi, Mjomba."

"Basi unajua nini? Dada yangu alipigwa."

Unaona kwamba hajaacha. Nami nilikuwa nimelibeba swali lake kwa miaka mingi, kwa sababu tangu utotoni niliwasikia wakinong'ona kwamba wewe ulimuua Mama: kwamba siku ile ulipogeuka ghafla na mzigo wa miwa begani, mnapakia mkokoteni wa Kukhu, ncha za miwa zilimpiga kwenye titi la kushoto, na pigo likawa uvimbe, na uvimbe ukawa jeneza. Nilikuwepo mazishini Mjomba alipokuzuia usitupe udongo. Nilikuona ukiondoka na udongo ule bado umeufumbata mkononi. Tangu hapo hujakanyaga Kabras.

Nikamjibu kwamba hatuwapigi, lakini wenyewe huumana. Kuna wakati majike wasiojuana waliwekwa pamoja, wakapigana vibaya, na tulilazimika kuwatenga. Niliwafuatilia hao kwa ajili yangu mwenyewe, bila kumwambia mtu sababu. Walioumwa hawakuota uvimbe mapema kuliko wenzao, wala uvimbe haukuchagua mahali pa jeraha. Walikuwa wachache, siwezi kuapa kwa ajili yao, ila madaktari waliochunguza wanawake wengi nao hawakuona kwamba pigo huleta saratani.

"Panya si mtu," Mjomba akasema. "Mimi nilikuwepo. Alipigwa Jumamosi. Jumatatu jioni anajipaka mafuta pale panapouma, akashika kitu, kigumu, kama punje ya hindi. Jumatatu! Hata wiki haikuisha. Sasa wewe na Kizungu chako niambie kilitoka wapi."

Mama Mdogo, hakuna aliyewahi kunitajia siku hizo. Mimi nilidhani ilipita miezi.

Nikamuuliza, "Una hakika ni Jumatatu, Mjomba?"

"Niulize tena nikuapie!"

"Basi umemtoa Awinja hatiani kwa mdomo wako. Panya wangu wametengenezwa ili waugue haraka, na hata kwao kitu cha ukubwa huo huchukua majuma. Kwa mwanamke ni miaka. Hakiwezi kuota kati ya Jumamosi na Jumatatu."

Alifungua mdomo, lakini Kukhu akamtangulia. "Nyamaza, Shikanga. Mtoto, unasema kilikuwamo?"

"Kilikuwamo, Kukhu. Miwa haikukiweka. Pale palipouma ndipo mkono wake ulipokwenda, na mkono ukakikuta."

Kukhu akapapasa magoti yake. Kisha akasema, "Dada yangu mkubwa alikufa kwa titi. Mama yetu pia. Hao nani aliwapiga? Siku zote najiuliza, na hakuna anayetaka kunisikiliza." Akamgeukia Mjomba na yale macho yasiyoona vizuri. "Kumbe mtoto wangu alimwonyesha dada yake ugonjwa, nanyi mkamfukuza."

Mjomba alitoka nje kwenye mvua. Patroba alitaka kumfuata, Kukhu akamkataza. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka chini, na sikuweza kujua uso wake umelowa kwa nini. Hakuketi. Aliniambia, "Mwandikie. Mwambie aje na huyo Sulemani wake. Kuku ninaye, lakini Sulemani amchinje mwenyewe ili naye ale. Mwambie meli ikitia nanga Kisumu atanikuta hapo, na kaburini nitakwenda naye mimi." Kisha akaomba chai.

Najua huyo ni Mjomba, na hujui kama umwamini. Niamini mimi. Nakuandikia kama mtu ambaye kazi yake ni kutojidanganya. Ulimpiga Mama kwa bahati mbaya, ndiyo. Hukumuua. Alipasuliwa mapema kwa sababu uvimbe ulionekana mapema. Nilikuwa darasa la tatu wakati ule, na tulimzika nikiwa darasa la nane. Katikati hapo alinifundisha kusuka ukili, alinilazimisha kurudia hesabu mpaka zinyooke, alikuja shuleni kunitazama nikipokea zawadi na kitambaa chake cha buluu kichwani. Sina kipimo cha kuthibitisha, lakini naamini sehemu ya miaka hiyo tuliipata kwa sababu yako.

Jambo moja zaidi, na usiogope. Maneno ya Kukhu yanaonyesha kwamba huenda ugonjwa huu unapita katika damu ya nyumba yetu. Si lazima uwe nao, wala mimi si lazima niwe nao. Mimi hujipapasa kila mwezi, na nimekwenda kupimwa. Nawe nenda hospitali ya Tabora umwombe daktari akuchunguze matiti, na umweleze habari za Mama, za dada mkubwa wa Kukhu, na za mama yao. Najua umekwepa hospitali tangu mazishi, kana kwamba huna haki ya kutibiwa. Unayo. Ukiona haya, mwambie binti yako Swaumu akusindikize, maana naye ni mwanamke sasa na anapaswa kujua.

Natamani sana nikuone kabla sijaondoka, lakini kama barabara na meli haziruhusu, usiningoje mimi. Njoo tu. Kukhu ameshafagia chumba chako cha zamani na amekataza mtu mwingine kulala humo.

Mwambie Baba Mdogo Sulemani nampa shikamoo na kwamba watu wa Mumias wanamuulizia. Nisalimie Swaumu na Abu, na umwambie Abu asome, panya wapo wa kutosha. Baba na Patroba wanakusalimu. Kukhu hakusalimu, amesema salamu zake atakupa kwa mkono.

Mungu akulinde safarini na awe nawe usiku huu wa kwanza utakaolala bila mzigo huo.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye daima,

Sellah Navalayo